Mlima wenye wenyewe

Kathmandu, Nepal
2 Mei

Kaka Anael,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali nami. Najua mvua za masika zimeshika na kazi ya mlima imelala, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu. Nafasi ya kusoma unayo.

Juzi tumerudi kutoka bonde la Langtang, kaskazini ya Kathmandu, karibu kabisa na mpaka wa Tibet. Yule mgeni wangu wa siku nyingi, uliyemwona mara ya mwisho pale lango la Machame, ndiye aliyenikatia tiketi. Alisema safari hii mimi ndiye mgeni. Basi nimetembea nyuma ya mwongozaji mwingine, nimeletewa chai, nimeulizwa kila asubuhi kama kichwa kinauma na kama nimelala vizuri. Kaka, natamani kila mwongozaji wa Kilimanjaro apate nafasi hiyo japo mara moja. Sasa najua mgeni anahisi nini anapoambiwa "bado kidogo".

Mwongozaji wetu ni kijana wa kabila la Tamang, mwenyeji wa wilaya hiyohiyo, na leseni yake aliivaa shingoni mwanzo hadi mwisho. Tangu Aprili 2023 serikali yao inamtaka mgeni atembee na mwongozaji mwenye leseni kwenye njia kama ile. Nimefurahi kuona hivyo. Kazi yetu imelindwa huko pia.

Gari linakufikisha Syabrubesi, kwenye mita 1,500 hivi, chini kuliko lango letu la Marangu. Kuanzia hapo ni miguu, unaufuata mto ndani ya msitu. Miti yao ya rododendroni ni mirefu kama minazi michanga, na Aprili imejaa maua mekundu, mengine yamemwagika njiani unayakanyaga. Usiku wa kwanza unalala Lama Hotel, halafu bonde linafunguka, miti inapungua, unaingia Langtang kwenye mita 3,430. Mwisho ni Kyanjin Gompa, mita 3,870, yaani kambi yetu ya Horombo na zaidi kidogo.

Sasa sikiliza. Kwetu Horombo kuna mabanda, tanki la maji, kunguru na wageni wanaokohoa. Kwenye kimo hichohicho wao wana mashamba ya viazi yaliyozungushiwa kuta za mawe, ng'ombe, nyumba ya ibada, watoto wanaokimbizana, na kiwanda cha jibini kilichojengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi. Jibini hutengenezwa kwa maziwa ya chauri, mnyama aliyechanganywa yak, yule mwenye manyoya marefu wa milima yao, na ng'ombe. Nilisimama pale nikayatazama yale mashamba muda mrefu kuliko nilivyoitazama theluji.

Kwa sababu watu wanaishi huko, hakuna hema. Hakuna mpishi wa msafara, hakuna mitungi yetu ya gesi, hakuna choo cha kubeba. Mgumu mmoja, yaani mpagazi, alibeba mabegi ya wageni wawili, basi. Wewe unajua kwetu mgeni mmoja tu anahitaji wagumu wangapi. Kila baada ya saa chache unakuta nyumba, wenyewe wanaziita nyumba za chai, na kila nyumba ina mwenyewe, mume na mke na bibi yao mzee, na jina lao liko mlangoni. Chumba ni kuta za mbao nyembamba na vitanda viwili, bei yake ndogo sana, lakini chakula cha jioni na cha asubuhi unakula hapohapo. Hapo ndipo wanapopata riziki yao. Bei ya chakula inapanda jinsi unavyopanda, na hakuna anayelalamika akishaona mchele unavyofika kule juu: mgongoni mwa nyumbu au mgongoni mwa mtu.

Jioni watu wote mnakusanyika ukumbini, kwenye jiko la chuma la katikati, soksi zimetundikwa juu yake. Mwongozaji anachukua maagizo ya chakula, anawahudumia wageni wake, yeye na wagumu wanakula mwisho, jikoni. Usiku wa pili niliomba kula nao. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza hasa.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, wote wanamwita didi, yaani dada. Jiko lake ni la udongo, lina midomo miwili. Ukutani rafu zimepangwa masufuria ya shaba yanayong'aa, makubwa kwa madogo, na juu ya moto vipande vyembamba vya nyama vinakaushwa na moshi. Chai yao anaitengeneza ndani ya mti mrefu uliochimbwa katikati. Anamimina chai nzito, anatia chumvi, anadondosha donge la siagi, anasukuma mpini juu chini kwa mikono miwili mpaka unasikia sauti imebadilika, imekuwa nzito. Unapiga funda moja, anakujazia. Unapiga la pili, anakujazia. Kikombe cha mgeni hakikai nusu. Halafu wali, mchuzi wa dengu, viazi, mboga za majani na achari kwenye sahani ya chuma, na anazunguka na sufuria kukuongeza mpaka ufunike sahani kwa mkono. Nilikula kwa mkono kama wao, na didi akaniambia kwa ishara kwamba nakula kama mtu wa nyumbani.

Kijiji chake ni kipya, kaka. Kile cha zamani kiko pembeni yake, chini ya mawe.

Tarehe 25 Aprili 2015, siku ya Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko la kipimo cha 7.8 liliipiga Nepal. Karibu watu 9,000 walikufa nchi nzima. Hapo Langtang, barafu na mawe vilikatika kwenye mbavu za Langtang Lirung, mlima wa zaidi ya mita 7,200 unaosimama moja kwa moja juu ya kijiji, vikakifukia. Ilibaki nyumba moja tu iliyokuwa imejibanza chini ya mwamba. Upepo wa maporomoko ulivuka mto ukalaza miti ya ng'ambo. Walikufa mamia, wanakijiji na wageni, waongozaji na wagumu. Njia leo inapita juu ya kifusi chenyewe. Mwongozaji wetu alitukusanya kabla ya kukanyaga jiwe la kwanza, akatuomba tusipige picha mpaka tufike upande wa pili. Hakuna aliyepiga. Unatembea muda mrefu juu ya mawe ya kijivu, na unajua chini yake kuna majiko kama lile nililokuelezea.

Unakumbuka kwetu Kibo, njia ya Western Breach, Januari 2006, mawe yalipoua wageni watatu. Tangu hapo tunapita upande ule kwa haraka na kwa sala. Pale Langtang watu wamerudi kuishi. Waliopona walitolewa kwa helikopta, wakakaa kambini Kathmandu, kwenye uwanja wa nyumba ya watawa, kisha wakapanda tena wakajenga. Majina ya waliokufa wameyachonga kwenye mawe. Didi mwenyewe alikuwa Kathmandu siku ile. Alituambia hilo tu akaendelea kumenya viazi, na mimi nikachukua kisu nikamenya naye.

Njia nzima kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maombi yao ya Kibudha, na ustaarabu ni kuzipita zikiwa mkono wako wa kulia. Mwongozaji hakumsahihisha mgeni kwa ukali hata mara moja. Alitangulia tu upande unaotakiwa, na watu wakamfuata. Hilo nimelichukua.

Kuna lingine ambalo sitalificha. Wagumu wa msafara wetu walibeba kwa kiasi, kampuni nzuri zina kikomo. Lakini wanaopandisha bidhaa za madukani na vifaa vya ujenzi hawana anayewapimia. Wanabeba kwenye doko, kikapu cha mianzi, na ukanda wake, namlo, unapita juu ya paji la uso, kama wanawake wa Kikuyu wanavyobeba kuni. Wana fimbo fupi yenye kichwa kipana, tokma, wakitaka kupumzika wanaiegemezea mzigo wakiwa wamesimama. Nilimpita mzee amebeba mbao pana za kuta mpaka miguu tu ndiyo inaonekana. Nilipisha njia, nikamwamkia, akanijibu huku anahema. Mizani yetu ya getini, na kikomo cha kilo 20, vilipiganiwa, kaka. Yeyote anayetaka kuzilegeza asinione.

Tserko Ri tulipanda alfajiri kutoka Kyanjin, karibu mita 5,000, zaidi ya Kibo Hut. Upepo ulikuwa mkali, anga safi, na milima ya theluji imekuzunguka pande zote. Mapafu yangu yalinitii. Juu pale mwongozaji alinitajia Tilman, mmoja wa wazungu wa kwanza kulichunguza bonde lile, mwaka 1949. Nikamwambia huyo sisi tunamjua kabla yao: alikuwa mkulima Kenya, na mwaka 1930 alipanda Kibo na Mawenzi pamoja na mpandaji mwenzake, Shipton. Mwongozaji alifurahi mno, akawaita wagumu waje wasikie.

Sasa nifikie ninachotaka kutoka kwako. Sisemi tujenge nyumba kwenye kambi za Shira au Karanga. Msitu wetu ndio maji yetu, na watu wetu tangu zamani walikomea migombani. Wa Langtang walikuwepo kabla ya hifadhi yao kutangazwa mwaka 1976. Ninachosema ni hapohapo migombani. Mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA, analala hotelini mjini, anapandishwa gari mpaka getini, anashuka na cheti, anaondoka. Wachagga amewaona wakiwa wamebeba mizigo yake tu. Hajawahi kuketi jikoni kwa mama yeyote. Na pesa yake imepita juu ya vichwa vya vijiji vyetu kama ndege.

Tukimtembeza siku mbili tatu kabla ya kupanda, Mamba, Marangu, Kilema, kwa njia za zamani zinazofuata mifongo, ile mifereji yetu ya maji, analala kwa mama yako, kesho kwa mama yangu, anakula mtori na kiburu, anaonyeshwa kahawa inavyokaangwa, basi hao mama watakuwa na biashara yao wenyewe, yenye jina lao mlangoni. Vijana wetu waliochoka magoti watakuwa na kazi isiyohitaji kufika kambi ya Barafu. Nimeliwaza hili kila jioni kwenye lile jiko la chuma, na kila jioni nimeliona linawezekana.

Naomba mambo mawili. Kapime vile vyumba viwili vya nyuma kwa mama yako, urefu na upana, na uangalie choo kinahitaji nini. Pili, ukamwone mwenyekiti wa kijiji umuulize ni vibali gani vinatakiwa mtu akitaka kulaza wageni nyumbani kwake, ofisi ipi inavitoa na kwa kiasi gani. Mimi natua KIA tarehe 9 mchana. Nimekubebea jibini la Kyanjin na picha za ramani ya chumba nilizochora mwenyewe. Ukipata nafasi uje unipokee, tukae palepale mgahawani tuanze hesabu.

Wasalimie wote nyumbani, na shikamoo yangu imfikie mama.

Ndugu yako,
Eliya