Usinunue madabodi kabla ya kuangalia kebo

Mhariri,

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, mara nyingi pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta ya mezani, ndiyo huumia kwanza. Mwenyewe hushuka Luthuli au River Road, akanunua nyingine, akaifunga, akabonyeza: wapi! Akiuliza dukani anaambiwa madabodi, ile bodi kubwa inayounganisha sehemu zote, imekufa. Mara nyingi haijafa, na kuna mengi ya kutazama kabla ya kutoa pesa tena.

Fuata dalili. Feni zikizunguka lakini skrini ni nyeusi, chungulia karibu na prosesa, ubongo wa kompyuta ulio kwenye bodi. Pana soketi ndogo ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa peke yake. Kebo kubwa ya pini 24 inayolisha bodi haitoshi. Soketi hiyo ndogo husahaulika kwa sababu imejibanza kwenye pembe ya bodi, nyuma ya feni. Kebo yake hugawanyika 4 na 4, ile ya kadi ya picha (inayopeleka picha kwenye skrini) hugawanyika 6 na 2. Kwa macho zinafanana, lakini chanya na hasi zimepishana, kwa hivyo isipoingia kwa ulaini usiilazimishe. Kadi ya picha yenye soketi yake nayo ilishwe, na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi.

Kompyuta isipoonyesha uhai wowote, anza na mambo ya aibu: swichi ya ukutani, fyuzi ya plagi, swichi iliyo nyuma ya pawasaplai yenyewe. Halafu nyaya nyembamba za kitufe cha mbele, ambazo hung'oka mkono ukipita tu. Gusanisha pini mbili za kitufe hicho kwenye bodi kwa ncha ya bisibisi, kisha uachie mara moja. Ikiwaka, hitilafu iko kwenye kitufe. Ikiwaka na kuzima papo hapo, kuna shoti mahali, na pawasaplai inajilinda. Chomoa diski na kadi, urudishe kimoja kimoja.

Jambo linaloharibu mali zaidi ni kebo za kuchomoa. Pawasaplai nyingi za kisasa zina kebo zinazochomoka pande zote mbili, na fundi mwenye haraka huacha zile za zamani ndani ya kasha, akabadilisha pawasaplai yenyewe tu. Upande wa diski soketi ni sawa kwa zote. Upande wa pawasaplai hakuna kanuni: kila kampuni hupanga pini itakavyo, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Kebo inaingia vizuri kabisa, kisha volti 12 zinapita kwenye njia ya volti 5, na diski yenye hesabu za biashara nzima inaungua. Pawasaplai mpya, kebo mpya, basi.

Pawasaplai za bei rahisi na za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Stima yetu ni volti 240, kwa hivyo kiwe 230 kabla ya kuchomeka. Kikiachwa 115 utasikia mlipuko.

Ukiwa na mita ya kupimia volti, pima kompyuta ikiwa imewaka. Waya wa manjano utoe volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.46. Wa zambarau utoe 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi stima iko. Nyaya zote zikiwa nyeusi, usibahatishe. Tafuta mchoro wa pini. Pawasaplai yenyewe usiifungue: kapasita zake huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Wanaonunua mashine za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP za aina hiyo, wajue kwamba nyingi hazina soketi ya pini 24. Zina ya pini 6 au 8, na baadhi hupitisha stima ya diski kwenye bodi. Pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta ya modeli hiyo hasa, kwa hivyo beba ile ya zamani dukani pamoja na kebo zake zote. Na fundi akisema bodi imekufa, mwombe akuonyeshe vipimo vya mita na ile kebo ya prosesa ikiwa imechomekwa.

Fundi wa kompyuta,
Nairobi