Mgongo wako na usiku wako

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale uliposema, "Mgongo ukipona, usingizi utarudi wenyewe." Maneno hayo niliyasema mimi kwa miaka mitatu, bega langu lilipokuwa likiwaka moto.

Umenieleza kwa kirefu habari za mgongo: picha ulizopigwa, vidonge, mkanda wa kiunoni. Usiku umeupa mstari mmoja tu, kwamba unalala kwa muda wa saa saba lakini unaamka mara nne au tano. Mwenzangu, mstari huo ndio ulionitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Kwamba maumivu hukatiza usingizi, hilo tunalijua. Ukijigeuza tu, umeshaamka. Lakini usingizi mbovu nao huzalisha maumivu. Tafiti nyingi zilizofuatilia wagonjwa siku hadi siku zimeona kuwa usiku mbaya hutabiri maumivu ya kesho kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usiku unaokuja. Kuna jaribio la mwaka 1975 ambalo halinitoki akilini. Harvey Moldofsky na wenzake, huko Kanada, walichukua watu wenye afya njema, wasioumwa popote, wakawa wanawapigia sauti kila walipozama kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache tu misuli ya watu hao ikawa inauma ikibonyezwa, na uchovu ukawaelemea, kama wagonjwa wa fibromialjia, ule ugonjwa wa maumivu ya misuli mwili mzima na uchovu. Hawakuumia popote. Walinyimwa usingizi mzito, basi.

Mwili una breki zake za maumivu. Ubongo hutuma ujumbe kushuka kwenye uti wa mgongo, kupunguza makali ya taarifa zinazopanda kutoka kwenye viungo na misuli. Usingizi unaokatwakatwa hulegeza breki hizo, na watafiti waliolinganisha wanawake walioamshwa-amshwa na wengine waliocheleweshwa kulala waliona kuwa kuamshwa-amshwa ndiko kulikodhuru zaidi. Kwa hiyo saa zako saba zisikudanganye. Tena kukosa usingizi huongeza uvimbe wa ndani kwa ndani, jambo zito hasa kwa mwenye baridi yabisi.

Mimi aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla hajaligusa bega aliniuliza, "Unalalaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akanielekeza kwenye tiba ya kukosa usingizi inayorekebisha fikra na mazoea, ambayo madaktari wa Marekani, kupitia American College of Physicians, walipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza, kabla ya dawa za usingizi. Kuamka saa ileile kila siku hata usiku ukiwa umekuwa mbaya; kitanda kiwe cha kulala, si cha kulalia macho; kuinuka usingizi ukigoma. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, nisikufiche. Bega halijapona kabisa, lakini siku hizi maumivu yake nayabeba; zamani yalinibeba yenyewe.

Na lile ulilosema kama mzaha, kwamba mumeo analalamika unakoroma na kukabwa pumzi, usilipuuze hata kidogo. Mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya dawa kali za maumivu huzidisha tatizo la kupumua usingizini. Vidonge usiviache wala usivibadilishe mwenyewe.

Naomba kitu kimoja. Kwa siku kumi na nne, kila asubuhi andika ulilala kwa saa ngapi, uliamka mara ngapi, na mgongo unauma kiasi gani kati ya 0 na 10. Daftari hilo nenda nalo kliniki, uliweke mezani kabla ya picha za mgongo. Nami niandikie utakavyoona. Naingoja barua yako.

Wako akupendaye,
Rehema