Barua kwa mwanangu kabla hajachagua chuo cha mbali

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeiona orodha yako ya vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili utakapoanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, De Anza juu na American River ya hapa Sacramento chini, na sababu uliyoandika pembeni ni kwamba De Anza "hupeleka watu Berkeley". Sikukatazi kuondoka Sacramento. Ninalokuomba ni upange jambo hili kuanzia mwisho kuja mwanzo. Chuo kikuu hakitakupokea kwa sababu ya jina la chuo ulikotoka. Kitaangalia kozi ulizosoma, alama zako, na kama kozi hizo zinakubalika mahali pa zile zao.

Kwa hiyo leo usiku fungua ASSIST, tovuti rasmi ya California ya makubaliano ya kozi kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma. Weka chuo cha jamii, weka chuo kikuu, chagua mwaka wa masomo, halafu fani yako, uhandisi wa mitambo. Kushoto utaona kozi inayotakiwa na chuo kikuu, kulia ile ya chuo cha jamii inayoshika nafasi yake. Ukikuta kulia kumeandikwa "No Course Articulated", chuo hicho hakina kozi inayokubalika hapo. Ikitokea kwenye somo la ziada, si neno. Ikitokea kwenye fizikia au hesabu ya lazima, utalazimika kulisoma somo hilo chuo kingine. Fanya zoezi hili mara nne: De Anza na Berkeley, De Anza na Davis, American River na Berkeley, American River na Davis. Hifadhi kila ukurasa, kwa maana makubaliano hutolewa kwa kila mwaka wa masomo, na huenda siku moja ukahitaji kuonyesha yalisemaje mwaka uliosoma kozi.

Sasa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi huligundua wakiwa wamechelewa. De Anza hufuata mfumo wa robo, yaani robo tatu kwa mwaka bila kuhesabu kiangazi, kila robo kama wiki 12 pamoja na mitihani. American River hufuata semista mbili. Berkeley ni semista, Davis ni robo. Kalkulasi na fizikia husomwa kwa mfululizo, na mfululizo wa robo haukatiki mahali pamoja na wa semista. Ndiyo maana katika ASSIST utaona kozi mbili au tatu za De Anza zimefungwa pamoja kwa neno "And" ili zilingane na moja au mbili za Berkeley. Ukisoma mbili kati ya tatu ukahama, kipande hicho kinaweza kubaki yuniti tupu, yaani vipimo vya uzito wa kozi visivyotimiza sharti la fani, na utarudia somo. Ukianza mfululizo mahali, umalizie hapo hapo. Usisome fizikia ya kwanza De Anza na ya pili hapa nyumbani wakati wa kiangazi hata kama majina yanafanana.

Robo pia ina mwendo mkali. Mtihani wa kwanza hukujia mapema, na ukiugua wiki moja umepoteza sehemu ya kumi na mbili ya kozi nzima. Kwa wewe unayehitaji muda somo likukae kichwani, nadhani semista inakufaa zaidi kwa hesabu. Hayo ni maoni yangu, lakini yapime.

Kabla hujasema "miaka miwili", hesabu mnyororo. Fizikia ya uhandisi hutaka kalkulasi ya kwanza uwe umeimaliza, au angalau unaisoma, na baada ya kalkulasi kuna aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi. Ukianza na kalkulasi moja kwa moja, semista nne zinatosha. Ukianza na hesabu ya kabla ya kalkulasi, ongeza semista, nayo ni kodi ya nyumba ya miezi mingine. Vyuo vidogo vina shida zaidi, kwa sababu kozi za mwisho za mnyororo huweza kufunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa katika majira ya vuli, unaingoja vuli nyingine. Tafuta ratiba za miaka miwili iliyopita, uone kozi hizo zilifunguliwa lini na ngapi.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo umbali unapokuwa na bei. Kwa mkazi wa California ada ni dola 46 kwa yuniti ya semista na dola 31 kwa yuniti ya robo. Yuniti 15 kwa semista ni dola 690, mwaka mzima 1,380. Yuniti 15 kwa robo ni dola 465, robo tatu 1,395. Ni karibu sawa, na ukipata California College Promise Grant, msaada wa jimbo kwa wenye uhitaji, ada hiyo inafutwa kote kuwili, ila ada ndogo ndogo kama ya afya na maegesho hubaki. Gharama ya kwenda mbali basi ni chumba na chakula. Cupertino, iliko De Anza, ni katikati ya Silicon Valley, unajua kodi za huko. Hesabu kodi ya miezi 12 hata kama unasoma miezi tisa, kwa maana mikataba mingi ni ya mwaka. Tangu Julai 2024 sheria ya jimbo imeweka kikomo cha dhamana ya chumba kuwa kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa baadhi ya wenye nyumba wadogo, kwa hiyo anayekudai miezi mitatu muulize kwa nini. Kama shauku yako ni kukaa bwenini, vyuo vya jamii vyenye mabweni vipo ingawa ni vichache: Orange Coast, Reedley, College of the Redwoods, Feather River. Viweke kwenye ASSIST vivyo hivyo kabla hujavipenda.

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, kabla ya tarehe 2 Machi, na ukiamua kuondoka, waarifu ofisi ya misaada ya fedha kwamba hutakaa na wazazi. Makadirio ya gharama ya anayekaa nyumbani ni madogo, na ukiwaacha waamini uko kwetu, msaada utapimwa kwa kipimo hicho. Pell Grant, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, ina kikomo cha semista 12 za maisha yako yote, basi kila semista ya kupotea chuo cha jamii unaikopa kutoka chuo kikuu. Omba pia EOPS mapema, programu ya chuo kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Wao husaidia vitabu, hukupa mshauri wako, na hukutanguliza siku ya kujiandikisha. Hilo la mwisho lina thamani kuliko unavyofikiri, kwa sababu mgeni hupangiwa tarehe za mwisho na kozi za fizikia hujaa. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, hudhuria siku ya kwanza bila kukosa. Wasiofika huondolewa, na nafasi zao hupewa walioketi darasani. Uliza vilevile kama chuo kina Umoja. Ni programu ya vyuo vya jamii vya California iliyochukua jina lake kwenye lugha yetu, yenye washauri na madarasa ya pamoja kwa wanafunzi weusi. Kwa mtoto aliye mbali na kwao, mtu wa kukuuliza kwa nini jana hukuja darasani ni msaada mkubwa.

Ukianza vuli ya 2026 na kuhama vuli ya 2028, tarehe zako zitakuwa hivi. Septemba 2027 ni mwezi wa TAG, dhamana ya kupokelewa. Inatolewa na kampasi za UC, yaani Chuo Kikuu cha California, za Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, nawe unaruhusiwa kuomba moja tu. Berkeley haimo, UCLA haimo, San Diego haimo. Hata zilizomo hazidhamini kila fani. Santa Barbara, kwa mfano, haitoi TAG kwa uhandisi. Oktoba na Novemba ni maombi ya UC. Januari 2028 unajaza marekebisho ya alama, na wanaosahau hatua hii huonekana kana kwamba hawajamaliza kozi zao. Matokeo rasmi yanatakiwa ifikapo Julai 1, na chuo cha robo humaliza mwishoni mwa Juni, kwa hiyo De Anza itabidi uagize nakala mapema.

Kufikia mwisho wa machipuo ya 2028 uwe na yuniti 60 za semista au 90 za robo zinazohamishika, Kiingereza cha uandishi kozi mbili, hesabu moja, na kozi nne nyingine za maeneo tofauti. Kila moja iwe C au zaidi. C yenye alama ya kutoa haihesabiki. Mtu atakuambia umalize Cal-GETC yote, ile orodha ya masomo ya jumla ya kuhamia, yuniti 34. Kwa fani nyingi ni ushauri mzuri, ila kwa uhandisi masomo ya fani hutangulia. Na usishtuke ukikuta Kiingereza kinaitwa ENGL C1000. Vyuo vyote vya jamii vinahamia kwenye namba za pamoja.

Kabla hujalipa hata dola moja ya chumba, niletee Jumapili vitu vitatu: kurasa nne za ASSIST, ratiba ya kozi zako semista kwa semista au robo kwa robo hadi 2028, na hesabu ya kodi ya miezi 12. De Anza ikisimama kwenye vyote vitatu, nitasaini mkataba nikiwa mdhamini wako na nitakusaidia kufunga mizigo.

Nakupenda sana.

Mama yako