Mdogo wangu, begi lako nimelipata

Nimelikuta mlangoni, lile begi la maji la kukimbilia nililokushonea, ndani ya mfuko wa plastiki, mkanda wa kushoto umeng'oka. Hukubisha hata hodi. Haya.

Unawaambia watu nimelikatakata koti la mvua la Baba bila kuuliza. Nimuulize nani? Mabegani lilishatoboka, mgongoni tu ndiko kulikobaki kuzima. Mikanda niliitoa kwenye gari bovu, ile ya usalama. Sponji ni mkeka wa mazoezi uliochanika. Nilichonunua ni mfuko wa maji na mrija wake, maana cha kutia mdomoni hakiokotwi, na mpira wa bustani si wa kunywea. Lita 2 ni kilo 2, ndiyo maana nikaweka kitanzi juu, mfuko uning'inie usijikunje chini, na mkanda wa kifuani ili begi lisikurukie ukikimbia.

Mwaka 1988, huko Texas, Michael Eidson aliingia kwenye mashindano ya baiskeli na mfuko wa dripu aliojaza maji, kautia ndani ya soksi, mrija kaupitisha begani, kaubana kwa kibanio cha nguo. Ndiko ilikotoka CamelBak, kampuni ya mabegi ya maji kama hili. Soksi! Mimi angalau nilitia bitana.

Lakini wewe, mbele ya wenzako wote: "Dada kanishonea mfuko wa taka." Wakacheka. Nami nikacheka. Hicho ndicho kisichonitoka, kwamba nilicheka, na koti ni la Baba.

Na bado umelitumia miezi minane. Mdomo wa mrija umejaa alama za meno yako.

Siku ukishona lako (hutashona), tumia uzi wa poliesta. Wa pamba huoza kwa jasho. Kingo za nailoni zipitishe kwenye moto wa mshumaa zisifumuke. Penye mzigo shona mraba, kisha msalaba ndani yake, urudie. Mkanda wa kulia nilifanya hivyo hivyo. Kufika wa kushoto poliesta ikaniishia, saa saba za usiku, nawe unaondoka alfajiri. Nikamalizia kwa pamba. Ningefanyaje? Ungeondoka mikono mitupu. Tena sikukwambia utie na viatu vya akiba humo.

Mkanda huo nimeufumua, nimeushona upya. Begi liko ndani, nyuma ya mlango. Safari hii bisha hodi.