Kaka, nyasi hizo usizing'oe

Shikamoo kaka,

Mama kaniambia umeshapatana na vijana waje bamvua lijalo wang'oe nyasi bahari zote mbele ya nyumba yako ya wageni, ili watu wakiingia kuogelea wakanyage mchanga mtupu. Ningekupigia simu tu, ila wenye nyumba za wageni wengi pwani yetu wanawaza hivyohivyo, nami nataka nao wasome.

Nianze na matumbo ya wageni wako. Mtafiti Joleah Lamb, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikwenda na wenzake visiwa vya Spermonde, Indonesia. Ni visiwa vidogo vyenye watu wengi, na majitaka yanaishia baharini. Safari ya awali watafiti waliugua kuhara damu, na mmoja akapata homa ya matumbo. Waliporudi walisoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo majini, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona: palipo na nyasi bahari, bakteria wanaoweza kuwadhuru watu na viumbe wa baharini walikuwa pungufu kwa 50%. Walikagua pia matumbawe zaidi ya 8,000. Yaliyo jirani na nyasi yalikuwa na maradhi nusu tu ya yale yasiyo nazo.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, wa pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Safari hii walipima kome waliowekwa majini karibu na miji. Palipo na nyasi, bakteria wa maradhi ya binadamu walipungua kwa 65%. Kaka, kombe na chaza unaowanunua kwa kina mama kwa ajili ya jiko lako wanachuja maji ya hapohapo mbele yako.

Sasa nenda maji yakishakupwa, uchimbe kidogo pembeni ya shina moja. Tope ni jeusi na linanuka mayai viza. Hiyo ni salfaidi, sumu kwa mizizi. Ila tazama vizuri kandokando ya mzizi mpya: kuna ukingo wa rangi ya kahawia, kwa sababu mmea unashusha oksijeni kutoka kwenye majani hadi chini. Na una wasaidizi. Mwaka 2012 kundi la Lars Peter Nielsen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, lilieleza bakteria wanaoungana maelfu kwa maelfu kuwa uzi wa sentimita kadhaa, na uzi huo unapitisha umeme. Seli za chini zinanyang'anya salfaidi elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, zinazisafirisha juu, na seli za juu zinazikabidhi kwa oksijeni. Ni kazi ileile ya betri, ila inafanyika topeni. Baadaye bakteria hawa wamekutwa kwenye mizizi ya nyasi bahari. Nilipolisoma hilo sikupata usingizi kwa furaha.

Huko Elba, Italia, watafiti wa Max Planck, taasisi ya sayansi ya Ujerumani, walionyesha mwaka 2021 kwamba ndani ya mizizi ya nyasi bahari aina ya Posidonia anaishi bakteria anayeupa mmea naitrojeni, naye akilipwa sukari. Aina hiyo sisi hatuna, lakini ujue kwamba ukivuta shina unavunja ushirika mzima. Na ukishalivuta, tope lililofumwa na mizizi linabebwa na kusi.

Tasi na changu wachanga wanakulia humo. Hilo hata babu alilijua bila maabara.

Sisemi nyasi zitafanya kazi ya karo la majitaka. Karo lako linavuja, na fedha ulizowatengea vijana zitoshe kuanza kulijenga upya. Wageni wapitishe upande wa kaskazini, kwenye ule mlango wa mchanga ambako ngalawa huingilia. Panda vigingi viwili vyenye bendera ili wasipotee. Vijana nao uwaajiri kuwaongoza wageni kutazama nyasi hizo wakati maji yamekupwa. Niko tayari kuja kuwafundisha, na nauli nitajilipia.

Mdogo wako