Kabla ya kununua mashine ya kukatakata matawi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaofikiria kununua mashine ndogo ya kukatakata matawi kwamba faida yake kubwa ni matandazo, yaani vile vipande vinavyotandazwa juu ya udongo ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu, mradi visifukiwe vikiwa vibichi, kwani wakati wa kuoza huinyang'anya mimea kirutubisho cha naitrojeni. Hata hivyo, mashine nyingi ndogo za umeme hazimudu tawi linalozidi unene wa sentimita 4 hivi, na majani mabichi hukwama ndani hadi uizime, uchomoe waya na kuyakwangua kwa kijiti. Kelele zake, majirani zangu wanazijua. Anayepogoa mara moja kwa mwaka, heri akodi.

Msomaji wako