Tundu la kunguru halifungwi masika

Sisi tunatega kunguru hapa Unguja kwa tundu la waya, kwa malipo ya kila mwezi, na kila inapokaribia Aprili tunapata ujumbe unaofanana: "Wageni hakuna, hoteli tunafunga, njooni mchukue tundu lenu na malipo yasimame mpaka Juni." Ikifika Oktoba unakuja mwingine: "Tunalipa kila mwezi, tundu lipo, na kunguru wamejaa barazani. Kazi yenu ni ipi?" Mara nyingi aliyeandika wa kwanza ndiye anayeandika wa pili. Safari hii mteja mmoja kasema mbele za watu kwamba tumemlia pesa zake, na wateja wengine wameanza kuuliza. Basi tunaieleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua, ili kila anayelipa ajue analipia nini.

Kunguru tunayemwinda ni yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji. Kunguru wa asili yetu, mwenye kifua cheupe, hatumgusi. Akiingia tunduni anatolewa. Huyu wa kijivu ndiye anayebeba vifaranga, anayekula mayai na makinda ya ndege wadogo, anayenyakua mkate mezani kwa mgeni na kutawanya taka za jikoni. Miaka ya 1990 palikuwa na kampeni kubwa hapa Unguja, kwa mitego na kwa sumu maalumu, na wakapungua sana. Kazi ilipolegea wakarudi. Kosa lile lile ndilo linalorudiwa na mteja anayefunga tundu masika, isipokuwa yeye analirudia kwenye uwanja wake mwenyewe.

Tuanze na sanamu za plastiki, maana tunaulizwa sana. Watu wanaona video za Marekani: mwindaji kajificha kichakani, kapanga kunguru wa plastiki shambani na bundi wa plastiki juu ya mti, kawasha kifaa cha mlio, kunguru wanamiminika. Zile ni picha za kweli. Lakini yule mwindaji ana bunduki. Anachohitaji ni kunguru asogee mpaka afikike kwa risasi, na sanamu ikimdanganya kwa sekunde chache, imetosha. Sisi tunataka kunguru atue, atazame, aamini, kisha ajishushe mwenyewe ndani ya tundu lenye waya pande zote. Hapo plastiki haisaidii. Siku ya kwanza watakuja kuizomea, siku ya pili watakaa mbali waitazame, siku ya tatu utamkuta mmoja kasimama juu ya kichwa chake. Na kule Marekani kuna msimu uliowekwa kisheria, usiozidi siku 124 kwa mwaka, kwa hiyo mwindaji ana miezi ya kukaa kusafisha vifaa na kusubiri. Kwetu msimu unapangwa na kunguru mwenyewe, na anavyoupanga ni kinyume na wanavyodhani wenye hoteli.

Chambo chetu ni kunguru hai. Tunawaita wenyeji. Tundu moja linakaa na wenyeji watatu mpaka watano, na hao ndio roho ya kazi. Kunguru akipita juu akawaona wenzake wanakula, wanaoga, wanagombania kichwa cha samaki, anashuka. Akiwaona wamejikunyata kwa jua au wanalia kwa kiu, anapiga kelele ya hatari na kundi zima linaondoka. Ndiyo maana tunagombana na wapishi wanaosahau kujaza maji. Beseni liwe pana kiasi cha kunguru kuingia akaoga, na maji yabadilishwe kila asubuhi. Nusu ya paa iezekwe makuti wapate kivuli. Chakula ni wali, boflo lililolowekwa, dagaa au matumbo ya samaki, bakuli asubuhi na jingine alasiri, na yai moja lililopasuliwa liwekwe mahali linapoonekana kutoka juu. Dini imeturuhusu kumuua kunguru, haikuturuhusu kumtesa. Mwenyeji anayekufa kwa njaa ndani ya tundu ni dhambi, na pia ni hasara, kwa sababu mzoga mmoja ndani ya waya unaweza kulifanya tundu liogopwe kwa wiki nzima.

Tundu lenyewe ni mita mbili kwa mbili, na mita mbili kwenda juu. Nguzo ni za mvinje, miguu imepakwa oili chafu kuzuia mchwa. Wavu ni ule wa matundu ya inchi moja uliochovywa zinki, kwani upepo wa chumvi wa Paje au Jambiani unaumaliza wavu wa bei rahisi kabla mwaka haujaisha. Kuta zinakula mita 16 za wavu wa upana wa mita moja, paa mita nne, na chini tunakunjia nje kipande cha sentimita 30 kuzunguka pande zote na kukilalia mawe, ili paka na nguchiro wasichimbe. Ukijumlisha, roli la wavu la mita 30 linatosha na kubaki.

Siri ipo kwenye paa. Katikati ya paa tunalaza ngazi ya mbao, iliyozama ndani kwa nusu mita hivi kama umbo la V, na kati ya kipandio na kipandio tunaacha sentimita 15. Kunguru anayeshuka hukunja mabawa na kujiangusha, anapita. Akitaka kutoka lazima apige mabawa, na mabawa yakifunguka hayapiti tena. Mafundi wengi wanaoiga tundu letu huharibu hapa. Wakiacha sentimita 20 na zaidi, kunguru anaruka kwa mkupuo mmoja akajishika kipandioni, akajibana, katoka. Wakiacha 10, hashuki kabisa. Kosa jingine ni kuweka kijiti cha kutulia chini ya ngazi, maana hicho kinakuwa ngazi yake ya kutorokea. Vijiti viwe pembeni, karibu na kuta, na chini ya mdomo wa ngazi kwa mita moja.

Mteja mmoja wa banda la kuku huko shamba alitengenezewa tundu na seremala wa jirani kwa nusu ya bei yetu. Kila asubuhi chakula kimeisha, kunguru hayumo hata mmoja. Alichokuwa akifanya ni kuwalisha. Tulipoitwa, kazi ya kwanza ilikuwa kulihamisha tundu, maana wale wa pale walikwishajifunza kuingia na kutoka, na kunguru aliyejifunza huwafundisha wenzake. Gharama ikawa ya matundu mawili.

Wiki ya kwanza tundu halikamati. Hili tunalisema kabla ya malipo na bado linakuja kuwa lalamiko. Siku tano mpaka saba za mwanzo mlango unaachwa wazi, chakula kinawekwa ndani na nje, wenyeji wapo kwenye kitundu kidogo pembeni. Kunguru wazoee kwamba pale ni mahali pa kula. Ukiufunga mlango siku ya pili kwa pupa utapata wawili watatu, na kundi lililobaki litakuwa limeshuhudia.

Kushuhudia ndilo jambo linaloua kazi nyingi. Kunguru aliyeona mwenzake anashikwa hasahau. Kwa hiyo tundu linafunguliwa baada ya Magharibi au kabla ya alfajiri, kundi likiwa limekwenda kulala, kwa taa ya kichwani na glavu za ngozi. Wa kuondolewa wanashikwa mmoja mmoja, shingo inavunjwa mara moja, wanatiwa mfukoni na kuzikwa mbali. Wenyeji tumewapunguza manyoya ya bawa moja ili wasichanganyike na kunguru walionaswa. Hoteli moja ya Kaskazini haikutaka kusubiri usiku: vijana wa bustani waliingia tunduni saa sita mchana na fimbo, mbele ya kundi zima lililokaa juu ya minazi, na wenyeji wakauawa pamoja na wengine. Tundu lile lilibaki pambo kwa muda mrefu, na ilibidi tuanze upya upande wa pili wa uwanja na wenyeji wapya. Bili ya pili ndiyo iliyoitwa wizi.

Manati na fataki zina madhara ya aina hiyo hiyo. Zinamhamisha kunguru kutoka mnazi wako mpaka mnazi wa jirani, na anarudi ukienda kula. Baya zaidi, anaanza kumwogopa kila anayesogea karibu na tundu, akiwemo mlishaji wetu.

Sumu tunaikataa kwa sauti. Kuna watu wanaopaka nyama dawa ya panya au dawa ya kupulizia mimea, wakaitupa jaani. Kunguru ni mwerevu, anaonja, anamtazama mwenzake. Paka hatazami. Kuku hatazami, wala mwewe anayeuokota mzoga. Sumu maalumu ya kunguru ipo, inaitwa Starlicide, lakini inatumika kwa kibali na kwa wataalamu waliofundishwa, si kitu cha kununua dukani. Mwaka 2024 Kenya ilipotangaza kuwaondoa kunguru milioni moja, ilikuwa kazi ya taasisi za serikali pamoja na wadau, si ya mtu na kopo lake nyuma ya jiko.

Sasa masika. Kunguru wa kijivu hujenga viota na kutaga zaidi kuanzia Septemba hivi, vuli yote, mpaka mwanzo wa mwaka. Wakati huo kila jozi ina mti wake na inautetea. Hawatembei kwa kundi kubwa mchana, chakula ni kingi kwa sababu hoteli zimejaa, na tundu linapoa. Makinda yakishatoka viotani, kuanzia Januari, yanajiunga na makundi. Ni wajinga bado, wana njaa, wanafuata wakubwa popote. Ikifika Aprili na Mei mvua inanyesha, majiko ya hoteli yamefungwa, majaa ya ufukweni yamekauka. Kunguru yule yule aliyekuwa akikidharau chakula chetu Disemba akiwa na pizza ya kuchagua, sasa anapigania matumbo ya dagaa. Hakuna miezi katika mwaka ambayo tundu linajaa kama hiyo.

Na hiyo ndiyo miezi ambayo mteja anatuambia tuchukue tundu letu.

Jozi iliyoingia tunduni Aprili ni kiota ambacho hakitajengwa Oktoba, na kiota kimoja kina mayai matatu mpaka matano. Ukilala masika, vuli unawakuta wazee wote wapo na wana wao wa mwaka jana wamekua. Hapo tundu peke yake halitoshi tena, inabidi kupanda miti. Mayai yanaatamiwa siku 16 au 17, kisha makinda hukaa kiotani wiki tatu mpaka nne. Kwa hiyo mpandaji akipita kila baada ya wiki tatu hakuna kinda litakaloruka bila kuonekana. Lakini akipita mara moja tu kaharibu kazi, kwa sababu jozi iliyobomolewa inajenga tena baada ya siku chache, mara nyingi kwenye mti ule ule, na kwa waya na vijiti vile vile ulivyovidondosha chini ya mti bila kuvizoa. Kupanda mnazi mara tano kwa msimu, kwa kila kiota, ni ghali kuliko miezi mitatu ya kulisha tundu. Hesabu hiyo tuko tayari kukaa na mteja yeyote tuipige pamoja.

Bei yetu ya mwezi inaonekana kubwa kwa anayeiona kama kodi ya sanduku la waya. Ndani yake kuna mtu anayekuja kila siku na maji na chakula, kuna anayekuja usiku kutoa, kuna wavu unaobadilishwa, na kuna wenyeji. Wenyeji hao hawazaliwi Juni na kufa Machi. Miezi tundu linapopoa wanakaa kwenye kizimba chetu, wanakula kila siku, wanaangaliwa magonjwa, na wale wenye woga wanaondolewa, maana mwenyeji mwoga anafukuza zaidi ya anavyoita. Manyoya ya bawa yakiota upya yanapunguzwa tena. Kipindi hicho hicho ngazi zinang'olewa, zinasuguliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, misumari iliyoshika kutu inatolewa, nguzo zilizolika na mchwa zinapinduliwa au zinatupwa. Hakuna mteja anayeviona vyote hivyo, lakini tundu linalopelekwa Februari likiwa zima linatokana na kazi hiyo.

Kwa anayefunga hoteli Aprili tuna utaratibu. Tundu linabaki, mlinzi anayebaki anaonyeshwa namna ya kuweka maji, sisi tunalisha na kutoa. Malipo ya miezi hiyo tunayapunguza, kwani chambo tunakipata rahisi zaidi. Tunachohitaji kwako ni vitu vitatu: uwanja wazi wa hatua kumi kutoka kwenye miti, usioonekana na watu wapitao, pipa la taka lenye mfuniko unaofunga kweli, maana tundu haliwezi kushindana na pipa lililo wazi, na kaya jirani zijulishwe, watoto wasije kuwarushia wenyeji mawe. Ukiwa na kuku, banda lifunikwe wavu juu mpaka vifaranga wafikishe wiki sita, tundu liwepo lisiwepo.

Anayetaka kuanza Februari atuarifu mwanzoni mwa Januari. Anayetaka kuanza Oktoba tutampa kwanza mpandaji wa viota, tundu litafuata makinda yakisharuka, na tutamwandikia bei zote mbili kabla hajalipa chochote.